Mapacha, Shija na bibi: tutembee wapi Mwanza?

"Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Buhongwa: mimi, mume wangu, mapacha wetu Kulwa na Doto wa miaka minane, na mdogo wao Shija wa miaka minne. Mama mkwe amekuja kutoka Ngudu na atakaa nasi mpaka mwisho wa mwaka. Anatembea vizuri tu, ila kwenye mteremko magoti humsumbua. Nimekuwa nikiona kwenye simu picha za familia za Uingereza zikitembea kando ya mto, katikati ya msitu, watoto wamevaa viatu vya mvua na wamebeba mikate yao. Nasi tukajaribu. Jumapili moja saa sita mchana tulishuka ufukweni. Shija akalia nusu ya njia, mapacha wakaingia majini, baba yao akakasirika, tukarudi nyumbani hakuna anayemsemesha mwenzake. Je, kwetu hapa kuna matembezi ya namna ile ya kwenye picha? Na viatu vya mvua ni lazima? Mama Kulwa, Buhongwa."

Marahaba, Mama Kulwa. Mama mkwe naye mpe salamu zangu, mwambie mwangaluka. Nitamrudia baadaye, maana nadhani yeye ndiye jibu la nusu ya swali lako.

Nianze na ile Jumapili. Mahali hamkukosea. Mlikosea saa, tena mlimpima Shija kwa miguu ya kaka zake. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na ikifika saa tano matale yetu, haya mawe makubwa ya Mwanza, yameshakuwa kikaango. Mtu mzima joto la mwamba humfika magotini. Mtoto wa miaka minne linampiga usoni, kwa sababu uso wake uko pale pale magotini pako. Ukiona mtoto wa umri huo amekaa chini katikati ya njia analia, usimwite mvivu kabla hujachuchumaa ukahisi hewa anayovuta yeye.

Katika miaka yangu ya kuongoza watu kwenye vilima na fukwe za huku nimejifunza kwamba urefu wa safari huamuliwa na aliye mdogo kuliko wote. Shija akiwa ameshiba na kivuli kipo, atatembea kilomita 2 kwa raha zake, na hizo 2 zitakula saa moja na nusu, kwa kuwa kila msafara wa siafu lazima usimamiwe. Basi safari yenu ni ya kilomita 2. Usiwahurumie mapacha, watakimbia mbele, watarudi kuhadithia walichokiona, watakimbia tena, na mwisho watakuwa wametembea mara mbili yenu. Saa moja asubuhi muwe mmeshashuka kwenye daladala, saa nne na nusu muwe mmekaa kivulini mnakula. Mkipenda jioni, anzeni saa kumi na moja, lakini mkumbuke kuwa giza la huku halibembelezi. Jua likishazama, karibu na saa moja kasorobo, kabla hata nusu saa haijaisha huoni mzizi ulio mbele ya mguu wako.

Weka pia saa ya kugeuka. Si mahali pa kugeukia, ni saa. Niliwahi kuwapandisha wapwa zangu kilima kimoja nyuma ya mji, nikawa nasema "pale tu kwenye jiwe lile, tukifika tunarudi". Jiwe lile lilikuwa na jiwe lingine nyuma yake, na hilo nalo likawa na lingine. Mvua ikatukuta juu, matale yakageuka sabuni, tukateremka tumekalia makalio. Dada yangu hajanisamehe mpaka leo.

Sasa ile picha ya Uingereza. Kule njia nyingi za miguu zinazopita katikati ya mashamba zimeandikishwa kisheria, na mtu yeyote ana haki ya kupita humo, mwenye shamba apende asipende. Mito yao mingi ni ya baridi, haina mamba wala kiboko, na konokono wa kichocho hawamo. Ndiyo maana mtoto huachwa akanyage maji na viatu vyake vya mpira. Njia zetu ni za kwenda kisimani, mwaloni, shambani, na kurudisha ng'ombe. Ni njia nzuri, pengine nzuri kuliko zao, ila zina wenyewe. Ukiingia kijijini usiyejulikana na watoto watatu na begi mgongoni, mtafute kwanza mwenyekiti wa kitongoji au mzee aliyekaa chini ya mti, amkia, sema mnatoka wapi na mnataka kufika wapi. Mara nyingi utapewa kijana wa kuwasindikiza bila hata kuomba, na kijana huyo anajua kitu ambacho ramani ya simu haina: kiboko alilala wapi jana.

Mito ya kwetu nayo si ya kuifuata kutoka chanzo hadi mlango. Mirongo unapita katikati ya jiji ukibeba kila tunachoutupia. Wa kutazama kutoka darajani huo, na mvua ikinyesha hata darajani msisimame. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kama ingefuatwa, tungekuwa na njia ya kijani kuzunguka ziwa zima. Badala yake kuna matuta ya viazi mpaka kwenye matete. Ziwa lenyewe pia hukumbusha mipaka yake: mwaka 2020 lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, na 2024 likarudia. Kwa hiyo njia ya ufukweni uliyopita ukiwa msichana huenda leo ni maji.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulisome mara mbili. Mapacha waliingia majini. Kando ya ziwa letu, maji ya ufukwe uliotulia wenye majani na matete ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likiwa kali, yaani saa zile zile mlizokuwa pale, na huingia kupitia ngozi iliyo nzima kwa dakika chache tu. Havihitaji kidonda, wala mtoto hahitaji kuyanywa maji hayo. Kujifuta haraka kwa taulo kunaweza kupunguza lakini usikutegemee. Mimi mwenyewe nilitibiwa nikiwa darasa la tano, na nilikuwa naoga mahali ambapo kila mtu aliapa kuwa ni pasafi.

Usihamaki. Kinapimwa kwa choo na mkojo, na dawa yake, praziquantel, inajulikana na inafanya kazi. Ila ina tabia moja ambayo wazazi wengi hawaambiwi: huwaua minyoo waliokomaa, na wale wachanga huwakosa. Ukimkimbiza mtoto hospitali wiki ile ile, kipimo kinaweza kuonyesha hana kitu. Subiri kama wiki sita hadi nane tangu siku ile, kisha wapeleke wote wawili wakapimwe. Kama katikati watapata homa, kuwashwa mwili au kikohozi kisichoeleweka, usisubiri. Nenda na umweleze daktari kwamba waliingia ziwani. Na kama shuleni walishapewa kingatiba cha kichocho mwaka huu, hilo ni jema, lakini dawa iliyomezwa jana haizuii maji ya kesho.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba yenu iwe moja na iwe fupi, watoto waikariri: maji ni ya macho. Mkitaka kugusa maji, mguse ya kwenye chupa.

Ukikubali hilo, Mwanza inafunguka. Wengi wanatafuta msitu wa miti wanaukosa, wanasahau kwamba sisi tuna msitu wa mawe. Matale haya yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kupangana kwake hakukufanywa na majitu kama tulivyohadithiwa. Mwamba ulikuwa chini ya udongo, una nyufa kama kitumbua kilichokatwa katwa. Maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa, yakaozesha kwanza pembe, kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande zote. Vipande vikabaki mviringo. Kisha mvua za karne nyingi zikaosha udongo, mawe yakabaki yamekaliana kama yalivyokuwa chini. Jiwe la Bismarck, lile la kwenye kila kalenda, ni mtoto mmoja tu wa familia hiyo. Waeleze mapacha hivyo, halafu waambie watafute jiwe lililo katikati ya kuzaliwa, nusu udongoni na nusu nje. Utapata saa nzima ya ukimya.

Safari yenu ya kwanza isiwe safari. Nendeni Capri Point jioni ya siku yoyote, mtembee taratibu kwenye barabara inayozunguka ile rasi. Ni lami, magari ni machache, bibi hatashuka mteremko wa kuumiza magoti kama mtageuka kabla ya pale panapoinamia sana, na upande mmoja mtaiona ghuba yote na kisiwa cha Saanane kimelala mbele yenu. Ni zoezi tu la kujua nani hubeba nini na nani hulalamika baada ya dakika ngapi.

Ya pili ndiyo Saanane yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sioni mahali panapofaa familia yenye mtoto mdogo kama hapa. Kilikuwa kisiwa cha mvuvi na mkulima, Mzee Saanane Chawandi, ambaye jina lake ndilo lililobaki. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikatangazwa Hifadhi ya Taifa. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18, ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa tulizo nazo. Huo udogo ndio uzuri wake kwenu: Shija hawezi kupotea mbali, na hakuna mahali ambapo mtakuwa mbali na boti ya kurudi. Ofisi iko Capri Point, mnapanda boti pale, na dakika chache mko ng'ambo. Malipo yao ni ya kielektroniki, kwa hiyo hakikisheni simu au kadi ina salio kabla hamjafika, na mbebe vitambulisho ili mtozwe kiwango cha raia wa Tanzania, ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na cha wageni. Watoto walio chini ya miaka mitano huingia bure.

Kwenye boti kila mtu avae jaketi okozi, na la Shija liwe la saizi yake. Lile la mtu mzima linamtoka kwa juu likimgusa maji. Msione haya kudai na kusubiri litafutwe. Mji huu una kumbukumbu ya Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama, na haina haja ya kukumbushwa zaidi.

Mkishafika, kuna njia za miguu zinazopanda katikati ya mawe. Muulizeni askari wa hifadhi aliye zamu ipi ni ya tambarare, bibi aende hiyo na Shija, baba apande na mapacha, mkutane kwenye kivuli. Swala pala wapo, wamezoea watu, lakini si mbuzi wa kulishwa. Kisha watafuteni pimbi. Mtaani pimbi ni tusi, najua, ila mnyama mwenyewe ni wa heshima: ni mdogo kama sungura, na ndugu zake wa damu walio karibu ni tembo na nguva. Asubuhi huota jua juu ya mwamba wakiwa familia nzima, mmoja akiwa mlinzi. Mlinzi akipiga kelele, hesabuni sekunde mpaka wote wawe wameingia kwenye ufa. Karibu nao, kwenye jiwe lililopata jua, atakuwepo mjusi dume mwenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa buluu, anajiinua na kujishusha kama askari anayepigishwa pushapu. Jike lake ni kahawia, hutamwona mpaka asogee. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Mji wetu umo ndani ya jina la mjusi, na watoto wa Mwanza wangapi wanalijua hilo?

Sheria yangu moja kwenye mawe, hapo na kwingine kote: hakuna mkono kuingia kwenye ufa usiouona mwisho wake. Nyoka ni sababu moja. Nyuki ni sababu kubwa zaidi, na mtoto anayerusha jiwe kwenye ufa wenye nyuki anawaletea wote matatizo, akiwemo bibi asiyeweza kukimbia.

Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ni ya mama mkwe. Iko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, na daladala za Kisesa hazikosekani. Kutoka barabara kuu mnaweza kutembea mpaka kwenye makumbusho, au bajaji imbebe bibi na Shija nanyi mfuate kwa miguu. Mahali hapo palianzishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, katika miaka ya 1950, naye alifanya jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya: alizikusanya ngoma na vyombo vya watemi wa Kisukuma badala ya kuvichoma. Kuna jengo lina umbo la kiti cha mtemi. Mkija Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, mtawakuta Wagika na Wagalu wakishindana kwa ngoma, kila kundi likitafuta kuvuta watazamaji wa mwenzake, na kuna wanaocheza na nyoka. Kwa Shija hiyo inaweza kuwa furaha au jinamizi. Wewe ndiye unayemjua. Siku za kawaida pametulia, kuna mawe na miti, na bibi atakuwa na kitu cha kusema kuhusu kila chungu. Mwacheni aseme. Safari nyingi za familia nilizoziona zikiharibika ziliharibika kwa sababu baba alitaka kufika mbele wakati mzee alikuwa bado kwenye hadithi.

Nilisema bibi ni nusu ya jibu. Umeuliza habari ya msitu, nawe una mtu wa Ngudu ndani ya nyumba. Muulize juu ya ngitili. Wasukuma tangu zamani walitenga maeneo ya majani na miti, yakafungwa wakati wa mvua mifugo isiingie, na kufunguliwa kiangazi malisho yanapoisha kwingine. Vita ya ng'ombe na mashamba ya pamba iliyameza mengi, hata Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa, mpaka mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1986 uliporudi kwenye wazo hilo hilo la wazee na miti ikaota tena. Upande wa Kwimba, iliko Ngudu, ngitili zipo pia, za kaya na za kijiji. Kutembea asubuhi ndani ya ngitili ya jirani yenu wa Ngudu, kwa ruhusa yake, na bibi akitaja miti, ni matembezi ya msituni ambayo hakuna mgeni atakayeyanunua. Atawaonyesha mkwaju, ambao ataita bushishi. Atawaonyesha mfuru, na hapo Doto atauliza inakuwaje furu ni samaki wadogo wa ziwani na pia ni tunda jeusi la juu ya mti. Mwambieni kwamba Kiswahili cha huku kina furu wawili, na wote walipungua tulipoacha kuwatazama. Yule wa ziwani alimalizwa zaidi na sangara tuliyeletewa katikati ya karne iliyopita.

Kama mnataka msitu wa miti mirefu iliyopangwa, wenye kivuli cha kweli na ardhi laini ya sindano za misonobari, kuna shamba la miti la serikali la Buhindi, upande wa Sengerema na Buchosa. Zamani kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa kinakula nusu ya siku. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita kama 3 na mnavuka kabla Shija hajamaliza ndizi. Barabara za ndani za shamba ni pana na hazina miteremko mikali, zinafaa magoti. Lakini ni shamba la kazi: watu wanakata miti, malori yanapita, na kiangazi kuna hofu ya moto. Pitieni ofisi yao mpate ruhusa, na jiko la mkaa liacheni nyumbani. Rubondo ningewaambia msubiri. Ni msitu hasa, kisiwa kilicho ndani ya hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 457, maji yakiwemo, chenye sokwe walioletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, ila gharama ni kubwa na matembezi yake ni ya watoto wanaoweza kunyamaza saa tatu. Wako watafika.

Na mto? Mto wenu ni Simiyu, pale Magu, mwezi wa nane. Mvua zikiisha unapungua mpaka unabaki mchanga mpana na madimbwi, na ukingoni inasimama mikuyu mikubwa. Hapo ndipo mtapata kile kivuli cha kwenye picha. Tafuteni mwenyeji awaonyeshe sehemu ya juu, mbali na mlango wa ziwa, maana kule chini kwenye matete ni kwa mamba na viboko. Watoto wavunje kuyu lililoiva waangalie ndani: kuna vinyigu wadogo kama nukta, wazaliwa wa humo, na bila wao mkuyu hauzai mbegu. Juu atakuwepo ninga, njiwa wa kijani, mnamsikia kabla hamjamwona, na kama kuna rundo la vijiti kubwa kuliko begi la shule kwenye panda ya tawi, hiyo ni nyumba ya fundichuma. Bibi huenda akasema ni ndege wa mkosi. Msibishane naye, ila msiiguse.

Wakichoka, wachimbe shimo kwa kijiti katikati ya mchanga, waone maji yakipanda yenyewe kutoka chini. Mto haujafa, umeingia chumbani. Lakini angalieni upande wa juu, Maswa na Meatu: mkiona huko kumetanda weusi, tokeni mchangani hata kama juu yenu ni jua tupu, kwa sababu maji ya mvua iliyonyesha huko huja yakikimbia bila kubisha hodi. Mlio na hamu ya historia, barabara hiyo hiyo inaelekea upande wa Kageye, kwenye Ghuba ya Speke, ambako Stanley alipiga kambi mwaka 1875 kabla ya kuzunguka ziwa kwa mashua. Kulwa na Doto hawatajali. Baba yao pengine.

Hatari nyingine nazitaja kwa haraka. Kiboko hula majani usiku na kurudi majini alfajiri, kwa hiyo ukanda wa matete kabla jua halijapanda msiuingie kabisa, na msisimame kati yake na maji. Kifutu hakimbii ukikaribia, ndiyo maana anakanyagwa. Viatu vya kufunika na macho chini vinatosha. Akiuma mtu, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize na mpeleke hospitali. Radi za huku si za mchezo: mkiona mmuliko anzeni kuhesabu, na ngurumo ikifika kabla ya 30, teremkeni kilimani na msikimbilie mti uliosimama peke yake. Watoto hupenda kazi hiyo ya kuhesabu, mpe Kulwa.

Chakula usihangaike na mikate. Mikate huvunjika, huita siafu. Mwambie mama mkwe awatayarishie matobolwa au michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ongezeni karanga za kukaanga na mayai ya kuchemsha, na maji ya kunywa yasipungue lita moja kwa kila mtoto. Shija apewe begi lake dogo lenye vitu viwili tu, kofia yake na michembe yake. Mtoto aliyebeba chake hatembei kama mzigo.

Viatu vya mvua hapana. Kwenye mawe vinateleza, jua likipanda vinapika miguu, na vitawashawishi mapacha kuingia kwenye dimbwi, jambo ambalo tumeshalimaliza. Raba za shule zenye soli inayoshika zinatosha. Siku pekee ambayo vingefaa ni baada ya mvua kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa jembe, na siku hiyo mimi nisingewatoa nyumbani.

Anzeni na Capri Point Ijumaa hii, saa kumi na moja. Wakati mnarudi mkimsikia Shija anauliza "kesho tunaenda wapi", nunueni salio la Saanane.